Ukoo wa Neno "Soldier"

Wanafunzi wa Adeng walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja wao alikuja darasani na bastola.

Bastola zenyewe ziliachwa mlangoni, juu ya meza ya chuma. Hakuna aliyeingia nayo ndani, maana ule ulikuwa ukumbi wa kanisa na padri alikuwa ameomba hivyo kwa upole sana. Hata hivyo, kila Adeng alipogeuka kuandika ubaoni alizihisi zikimtazama mgongoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mdogo wa wanafunzi wake alimzidi miaka sita, na wakubwa walikuwa na umri wa baba yake, kama baba yake angekuwa hai.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu amani itiwe saini. Juba nzima ilikuwa inajifunza Kiingereza mbiombio, kama watu waliosikia kwamba gari linaondoka. Maofisa waliokuwa wamesoma kwa Kiarabu, au hawakusoma kabisa, walitakiwa sasa waandike barua na ripoti kwa Kiingereza. Ndiyo maana saa nane mchana, bati la ukumbi ule wa mtaa wa Juba Na Bari likitoa joto la tanuri, wanaume kumi na wawili waliovuka vita vizima walikaa kwenye viti vya plastiki na kusema kwa pamoja, "This is a window."

Walikaa kwa vyeo. Mbele katikati alikaa Luteni Kanali Ater, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye mguu wake wa kushoto haukukunjika vizuri, kwa hiyo aliunyoosha mbele hadi karibu na viatu vya mwalimu. Nyuma kabisa, kando ya mlango, alikaa Luteni Alier, aliyekuwa mdogo kuliko wote kwa cheo na kwa umri. Swali likiulizwa, aliyeanza kujibu alikuwa Alier. Akikosea, kosa lake. Swali lilipanda hivyo kiti kwa kiti, na hadi limfikie Ater jibu lilikuwa limeshapatikana, naye alilisema taratibu, bila kukosea, na wote wakatikisa vichwa. Ater akicheka, darasa lilicheka. Akinyamaza, ungeweza kusikia nzi.

Adeng hakuwa amefundishwa kufundisha. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Kenya na kamusi moja kubwa ya Kiingereza, iliyotoka jalada, aliyoinunua kwa muuza vitabu vya barabarani Nakuru. Akabuni njia yake mwenyewe. Kila siku neno moja. Kwanza linavyoandikwa, pili linavyotamkwa, tatu maana zake zote, hata zile za kuchekesha. Sehemu ya nne waliidai wao wenyewe.

"Ustaza," Ater alimwambia mwalimu siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake alichookota Uganda alipolazwa hospitali miezi mingi. "Hii neno natoka wapi? Baba yake nani?"

Kwao haikuwa swali la ajabu. Mgeni akifika nyumbani humuulizi anataka nini kabla hujajua ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, aliyemzaa baba yake ni nani. Kwa nini neno liingie bila kuulizwa? Basi Adeng akawa kila siku anawapa ukoo wa neno, uliokuwa umeandikwa kwenye kamusi yake kwa herufi ndogo sana mwishoni. Aliwaambia kwamba window kwa watu wa zamani lilikuwa jicho la upepo, na Ater akaligeukia dirisha la ukumbi akaliangalia kama analiona mara ya kwanza. Aliwaambia kwamba muscle, msuli, maana yake ya kwanza ilikuwa panya mdogo. Siku hiyo maofisa walikunja mikono ya shati na kumtazama panya akikimbia chini ya ngozi, wakacheka hadi padri akaja kuchungulia.

Kama mambo yangebaki kwenye panya na upepo, Adeng angelala usingizi. Lakini kulikuwa na barua.

Adeng alikuwa na kaka mmoja tu, Thiik. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka sita, ameshikwa mkono na shangazi, wanatembea kuelekea Kenya na maelfu ya watu wengine. Thiik alikuwa na kumi na mitatu. Watu wenye bunduki walimtoa kwenye mstari pamoja na wavulana wengine, na shangazi akasema, "Usigeuke." Adeng aligeuka. Aliona mgongo wake tu. Miaka kumi na sita ilipita, kambi ya Kakuma, kisha Nakuru, shule, mitihani, mazishi ya shangazi. Aliporudi Juba alikuwa ameshamuomboleza mara mbili. Kisha siku moja Ater, akipitia orodha ya majina ya askari, alimuuliza jina la baba yake, akatulia, akasema kuna sajini mwenye jina kama hilo kwenye kikosi chake cha zamani, mpakani kaskazini. Yuko hai. Ana jino la dhahabu. Hana mke.

"Mimi naweza kuomba yeye apewe ruhusa nakuja Juba," Ater alisema. "Barua natakiwa iwe Kiingereza."

"Beny, nitakuandikia leo hii," Adeng alijibu haraka. Beny ndivyo Wadinka wanavyomwita mkubwa.

Uso wa Ater ulikunjamana. "Hapana. Mimi mwenyewe nitaandika. Mimi nasoma kwa nini?"

Hilo lilikuwa mwezi mmoja na nusu nyuma. Tangu hapo Adeng alifundisha kama mtu anayechimba kisima huku mgonjwa anasubiri maji. Habari kutoka mpakani hazikuwa nzuri. Watu wa New Site, alikokuwa anaishi, walikuwa na redio kila kibanda, na kila asubuhi redio zilisema neno mpaka, mpaka, mpaka. Ater alikuwa tayari anajua kuandika tarehe, anwani, na "I am writing to request." Kilichobaki kilikuwa katikati ya barua. Wiki moja zaidi, Adeng alijiambia. Wiki moja, na mtu huyu asikasirike.

Alhamisi moja Alier akanyoosha mkono.

"Madam, leo tusifanye mambo ya dirisha. Tufanye sisi wenyewe. Soldier."

Darasa likapiga meza kwa furaha. Adeng naye alitabasamu. Hakuwa ameandaa neno lile, ila lilikuwa neno la kila siku, nani asiyelijua? Akaliandika ubaoni.

"Tulisome vile limeandikwa," Alier akaanza. "Sol-di-er."

"Sivyo," Adeng alisema. "Hapa d na i zimekutana zikazaa j. Soul-ja. Silabi mbili tu, na nguvu iko kwa ya kwanza."

"Soul-ja," wakasema, kuanzia mlangoni kupanda mbele. Ater alilisema la mwisho, zuri, zito.

"Ile l Waingereza wengi zamani hawakuitamka kabisa. Walisema soja. Hata Kenya tunasema soja, lakini soja wa Kenya ni mlinzi wa geti, ana rungu na tochi na anasinzia."

Walicheka. Ater alicheka, basi wakacheka zaidi.

Akawapa maana. Askari wa vita, ndiyo. Pia yule chungu mwenye kichwa kikubwa na meno anayelinda wenzake. Pia vipande vyembamba vya mkate wa kuchoma ambavyo watoto wa Kizungu huchovya kwenye yai. Hapo kapteni mmoja alisimama akapiga saluti akajiita mkate, na machozi yakamtoka kwa kucheka. Pia kuna kusonga mbele na kazi ngumu bila kulalamika, to soldier on. Hiyo ya mwisho waliiandika wote.

"Sasa baba yake," Ater akasema.

Hapa ndipo Adeng alipokosea. Siku nyingine zote alisoma ukoo wa neno nyumbani kwanza, akaupima, akauleta. Siku hii alifungua kamusi mbele yao, akaweka kidole kwenye herufi zile ndogo, na mdomo ukatangulia macho.

"Linatoka Kifaransa cha zamani. Na Wafaransa walilitoa kwa Warumi. Kulikuwa na sarafu nzito ya dhahabu, solidus. Kutoka hapo wakapata neno la mshahara. Kwa hiyo soldier ni mtu ambaye anapigana kwa sababu ana…"

Akasimama. Lakini sentensi ilikuwa imeshafika kwao. Alier, kwa mazoea ya kujibu wa kwanza, akaimalizia.

"Kwa sababu analipwa."

Adeng aliinua macho akaona nyuso kumi na mbili zimebadilika pamoja, kama wingu limepita. Watu wale walipigana miaka ishirini na moja bila kupewa hata senti moja. Wengine walipigana peku. Kila mtu Juba alijua hivyo, watoto waliimba hivyo shuleni, na yeye, mtoto aliyekula chakula cha msaada Kenya huku wao wakila majani, alikuwa amesimama mbele yao na kuwaambia kwamba jina lao linatokana na sarafu.

Ater alikunja daftari lake. Aliweka kalamu mfukoni. Akauvuta ule mguu, akasimama kwa shida, na bila kumtazama mwalimu akatembea hadi mlangoni, akachukua bastola yake, akatoka.

Aliyemfuata kwa cheo akasimama. Kisha wa tatu. Walitoka hivyo, mmoja mmoja, kwa mpangilio, kila mmoja akichukua bastola yake mezani, na kila bastola ilipoinuliwa chuma kiligonga chuma. Alier alitoka wa mwisho.

Adeng alibaki na chaki.

"Ngoja, ngoja, hebu rudia," alisema Chepkoech jioni ile, akiwa ameshika mwiko juu ya sufuria ya sukuma. Alikuwa Mkenya, karani wa hoteli moja mjini, na walishirikiana chumba kimoja New Site. "Uliwaita mamluki?"

"Sikuwaita. Kamusi iliwaita."

"Aki Adeng! Watu wanakaa na bunduki, wewe unawasomea kamusi! Si ungewapa hata spoon? Spoon ina shida gani na mtu?"

Adeng hakuweza kucheka. Chepkoech akamwona, akaweka mwiko chini.

"Sikiliza, mrembo. Kesho kuna basi ya kuelekea Nimule alfajiri. Unapanda, unavuka, unakaa Uganda wiki mbili wamesahau."

"Na Thiik?"

Chepkoech aliokota tena mwiko. Sukuma iliungua kidogo.

Adeng alijilaza bila kubadilisha nguo. Hakuogopa kupigwa. Alijaribu kuogopa kupigwa, ingekuwa rahisi zaidi. Aliogopa karatasi. Aliiona barua ile, tarehe upande wa kulia, anwani, I am writing to request, na chini yake weupe mtupu, na Ater ameiweka kwenye droo. Kisha akamwona kaka yake amesimama mahali pa vumbi, na mtu anasoma orodha ya wanaokwenda mbele na wanaorudi nyuma. Mwalimu mpumbavu huko Juba amefungua mdomo, na jina la Thiik likahamia orodha nyingine. Alijua fika jeshi haliendeshwi hivyo. Kujua hakukumsaidia.

Asubuhi gari la kijeshi lilisimama mbele ya kibanda cha maji. Dereva aliuliza majirani, "Ustaza Adeng?" na majirani wote wakanyoosha vidole, kisha wote wakaingia ndani.

"Wewe nachukua ile buku," dereva alimwambia. Hakusema lingine.

Chepkoech alimfunga kitenge begani kama mtoto anayepelekwa kliniki. "Ukifika, piga simu. Usipopiga kufikia saa sita nakuja huko mwenyewe, na mimi sina adabu, unanijua."

Njia ya Bilpam, yalipo makao makuu ya jeshi, ilikuwa ya mashimo. Adeng aliikumbatia kamusi tumboni, kurasa za kwanza zikipepea kwa kuwa haikuwa na jalada. Walipita kizuizi cha kwanza, askari akachungulia, akamwona msichana na kitabu, akainua kamba. Walipita cha pili. Alijaribu kupanga maneno ya kuomba msamaha kwa Kidinka, lakini Kidinka chake kilikuwa cha mtoto wa miaka sita, kilikwama kwenye "nimevunja" na "nina njaa". Kwa Kiingereza ingeonekana kiburi. Kwa Kiswahili, nani aliwahi kumwangukia Beny kwa Kiswahili?

Gari halikuingia makao makuu. Lilikata kulia kwenye nyumba za makazi jirani na pale, likasimama mbele ya uzio wa mabati. Ndani kulikuwa na kibanda cha kivuli cha maturubai, na chini ya kivuli viti kumi na viwili. Wote walikuwepo. Walikuwa wamekaa kwa vyeo.

Kulikuwa na kiti kimoja kitupu, kikiwaelekea.

"Kaa, ustaza," Ater alisema.

Alikaa. Kamusi akaiweka magotini. Mezani mbele ya Ater kulikuwa na karatasi nyeupe, kalamu na bastola. Mara hii hakukuwa na padri wa kuomba lolote.

"Soma tena."

"Beny, naomba msamaha. Mimi si…"

"Mimi sijauliza samahani. Mimi nasema soma."

Alisoma. Kirumi na Kifaransa vilimchanganyikia, akarudia, akafika mwisho. Anayepigana kwa malipo.

Ater aligeuza kichwa polepole kuelekea nyuma. "Alier. Wewe ulilipwa?"

"Hapana, Beny."

"Wewe?"

"Hapana, Beny."

Swali lilipanda kiti kwa kiti, kama darasani. Hapana. Hapana. Yule kapteni aliyejiita mkate jana alisema hapana akitazama chini. Adeng aliona linavyomkaribia mkubwa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu aliyemwandalia jibu.

"Mimi," Ater alisema, "nilikuwa darasa ya tano. Mwalimu wetu alikuwa naandika hesabu kwa ubao. Watu naingia, nasema wavulana wote simama. Mimi nikasimama. Kalamu ilikuwa bado iko kwa mkono." Aliiangalia kalamu ya mezani. "Hakuna mtu aliniuliza. Hakuna mtu alinilipa. Sasa hii buku nasema mimi ni mtu wa dhahabu ya Warumi."

Alisukuma kalamu hadi ukingoni mwa meza, upande wa Adeng.

"Futa."

Adeng aliishika kalamu. Ilikuwa na joto la jua. Ingekuwa rahisi sana: mstari mmoja, na angepata barua. Aliinamisha ncha kwenye ukurasa wa kamusi. Wote waliinama mbele kidogo, hata dereva getini.

Halafu akafikiria darasa la Jumatatu, Ater akiuliza neno jipya baba yake nani, na yeye akijibu, na Ater akijua kwamba mwalimu huyu ukimwekea bastola mezani anakuandikia unachotaka. Angeamini nini tena? Angejuaje kwamba dirisha ni jicho la upepo kweli? Ncha ilikuwa imeacha nukta nyingi pembeni mwa ukurasa.

"Beny," alisema, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtoto, "nikifuta hapa nitakuwa nimefuta kamusi yangu. Zile zingine zote zitabaki hivyohivyo. Mtu atazifungua Nairobi, atasoma. Nitakuwa nimekudanganya wewe tu."

Alier alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Adeng alingoja. Jicho moja la Ater lilikuwa linapepesa lenyewe.

"Sawa," alisema. "Basi tafuta neno ingine. Mtu alienda, lakini hakulipwa. Naitwa nini?"

Adeng alifungua kurasa. "Kuna volunteer. Ni mtu anayejitolea. Linatoka kwa utashi, kwa kupenda kwake mtu."

"Mimi nilipenda?"

"Hapana, Beny."

"Tafuta ingine."

Alitafuta. Maofisa nao wakaanza, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Fighter, alisema mmoja. Hapana, hata mlevi wa sokoni ni fighter. Comrade, alisema mwingine. Adeng akalisoma: chanzo chake ni chumba, watu wanaolala chumba kimoja. "Chumba gani?" kapteni aliuliza. "Sisi tulilala ndani ya mvua!" Hapo wachache walicheka, wakamtazama Ater, wakaacha. Walijaribu maneno sita, saba. Kila moja Adeng alilitafutia ukoo, na kila ukoo ulimkataa mtoto wa darasa la tano aliyesimamishwa na kalamu mkononi.

Jasho lilimwingia machoni. "Sijalipata, Beny," alisema mwishowe. "Sidhani limo."

"Buku kubwa namna hiyo."

"Ndiyo, Beny."

Ater aliegemea nyuma, na kiti kikalia. Aliangalia juu kwenye turubai, pale lilipotoboka na mwanga kupita. Aliposema tena hakuwa anamwambia Adeng tu.

"Jana mimi nilitoka kwa sababu uso yangu ilikuwa mbaya. Sikutaka hawa naona. Halafu wote nanifuata, kama bata." Akawatazama. "Nani alisema nyinyi mnifuate? Ustaza alikuwa bado nafundisha!"

Hakuna aliyejibu. Hata Alier, ambaye ilikuwa zamu yake.

Ater akavuta karatasi nyeupe mbele yake, akaidai kalamu kwa mkono. Adeng hakuelewa hadi alipoona tarehe ikiandikwa upande wa kulia. Kisha anwani. Kisha I am writing to request, kwa herufi kubwa zilizolala kidogo. Mkono ule mkubwa ulikwenda polepole kama unavuka mto. Katikati ya mstari wa pili akasimama, kalamu ikaning'inia, na Adeng akajua amefika pale ambapo barua inapaswa kumwita Thiik kitu fulani.

Alitaka kumsaidia, akajizuia kwa kuuma ulimi. Nzi alitembea juu ya bastola.

Ater aliandika: a man called Thiik. Akaendelea.

Alipomaliza alimpa karatasi asahihishe. Kulikuwa na makosa matatu. Adeng alimwonyesha yote matatu, na Ater aliandika upya ukurasa mzima, akatia saini, akapiga muhuri.

"Mimi naandika tu," alisema. "Huko juu iko wengine nakubali au nakataa. Kama njia iko na vita, hata barua ya malaika haifiki."

"Ndiyo, Beny."

"Jumatatu saa nane. Usichelewe."

Kwenye gari, Adeng alitoa simu amwambie Chepkoech kwamba yu salama. Hakuweza kubonyeza namba. Dereva akasimamisha gari, akashuka, akajifanya anakagua tairi hadi Adeng alipomaliza kulia.

Wiki tano zilipita. Redio ziliendelea kusema mpaka, kisha siku moja zikasema mpaka unawaka, na siku tatu Adeng hakula. Siku ya nne Alier alikuja mbio hadi New Site, hana pumzi. "Madam! Lori la mpakani limefika! Kimbia!"

Lori lilikuwa limesimama nje ya uzio wa Bilpam, limejaa vumbi hadi halikuwa na rangi. Watu walikuwa wameshashuka na kutawanyika. Alikuwa amebaki mmoja kwenye kivuli cha gurudumu, mwembamba, ana mfuko begani. Hakuja mbele. Adeng naye alisimama, hatua tano zimebaki.

"Wewe ni nani?" mtu yule aliuliza kwa Kidinka.

"Adeng."

Midomo yake ilifunguka, na jino la dhahabu likaonekana. Lakini macho hayakuamini. Yalitembea usoni mwake, yakarudi, yakatembea tena.

"Fungua mdomo," alisema.

"Nini?"

"Adeng alikuwa na jino limevunjika hapa mbele. Alianguka kwa mtumbwi. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika. Fungua."

Alifungua mdomo, pale barabarani, mbele ya walinzi. Thiik akainama akachungulia kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mtungi. Hakukuwa na jino lililovunjika. Lilikuwa jino la utoto. Lilitoka Kakuma, shangazi akalitupa juu ya paa la makuti. Adeng alitaka kumweleza hivyo, lakini kwa Kidinka chake cha miaka sita hakuwa na maneno. Alisema, "Lilianguka. Mimi ndogo. Lilianguka."

Thiik alijinyoosha. Miaka kumi na sita alikuwa ameibeba alama hiyo moja, na sasa mikono yake haikujua ikae wapi.

"Basi nitakujuaje?" aliuliza, na sauti yake, sauti ya sajini, ilikuwa ya mtu aliyeshikwa na hofu.

Adeng alinyoosha mkono akashika kamba ya mfuko ule begani mwake, na baada ya kusita kidogo Thiik akauachia. Barua ya Ater ilikuwa imempa siku kumi na nne, na nne kati yake zilikuwa zimeshaisha njiani.